Jiko la Mkaa Chumbani kwa Kobe

Naandika haya kwa kina mama wa Kasulu na wa kokote kwenye baridi kama yetu. Atakayesema namwaibisha mama mkwe wangu na aseme. Nimeshasemwa sana, sijafa.

Kobe alikuwa wa marehemu baba mkwe. Tulimwita Mzee, hata wageni walimsalimia. Mwaka 2014 tulipotoka kwenye nyumba ya nyasi tukaingia hii ya tofali, yenye bati na sakafu ya saruji, Mzee alihama nasi. Tukamweka kwenye boksi chumbani kwa binti yangu Nadine, aliyekuwa na miaka tisa.

Mwezi wa saba baridi ikabana. Mzee akaacha kula, majani ya maboga akawa anayatazama tu. Mume wangu Fidele akaleta taa nyeupe, hizi za kubana umeme, akaitundika juu ya boksi. Siku ya pili nikaishika kwa mkono. Haina joto la kupasha hata sikio.

"Baba Nadine, unampasha au unamsomesha?"

Akacheka, akaenda zake kazini.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Titye, Mama Esteri. Alipomwona Mzee kajikunja kwenye gamba akashika kiuno. "Huyu anatunzwa kama mzazi," akasema.

Kwetu mwanamke akijifungua, jiko la mkaa huingizwa chumbani ili yeye na mtoto wasipigwe baridi. Mimi mwenyewe Mama Esteri alinitunza hivyo, kwenye ile nyumba ya nyasi. Kwa hiyo nilipomwona anaingiza jiko kwa kobe, nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, silifichi.

Nikaenda kuchimba mihogo. Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Mlango wa chumba umefungwa, dirisha limezibwa gunia joto lisitoke. Ndani Nadine amelala chini kando ya boksi, daftari la hesabu kifuani.

"Nadine!"

"Mama... kichwa."

Akajaribu kusimama, magoti yakakunjika. Nikambeba hadi uani, akatapika miguuni kwangu. Nikarudi nikiwa nimebana pumzi, nikamtoa Mzee, shingo inaning'inia kama kamba. Halafu nikalivuta lile jiko na kulipiga teke hadi nje. Mkaa ukatawanyika, kuku wakakimbia.

"Malaria hiyo!" Mama Esteri akapiga kelele. "Jiko limekukosea nini?"

Nilimkimbiza mtoto zahanati, na nesi hakuuliza habari ya mbu. Aliuliza, "Mlikuwa na jiko ndani?" Akanieleza kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, haionekani. Mtu anasinzia, na asipotolewa haamki. Nadine walimpeleka hospitali, akawekewa hewa safi puani hadi kesho yake. Sikufumba jicho.

Tuliporudi nyumbani, Mama Esteri alikuwa ananisubiri.

"Nimepasha watoto saba kwa jiko. Yupi alikufa?"

"Nyumba yako ilikuwa ya nyasi, Mama. Ilikuwa inapumua. Hii imebana kama chupa."

"Umesoma sana siku hizi."

"Darasa la saba, Mama. Kwa hili linanitosha."

Mzee hakuwa amekufa. Asubuhi iliyofuata Fidele alimweka juani, na saa nne akanyoosha mguu mmoja. Tangu siku hiyo jua ndilo taa yake: asubuhi anaota uani, na kando namwekea kivuli akichoka. Boksi nimelinyanyua kutoka kwenye saruji, na ndani nimetandika matambara makavu. Jioni napasha tofali kwenye jiko, nje. Nalishika mkononi nikihesabu hadi ishirini. Likinichoma kabla sijafika, bado haliendi kwa Mzee. Likifaa nalifunga kwa kipande cha blanketi na kuliweka upande mmoja tu wa boksi, ili akisikia joto limezidi asogee mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya hospitali baridi ikarudi na ukungu wake. Jioni namwona Mama Esteri anakuja na jiko jekundu, analishika kwa kanga. Nikakaa kwenye kizingiti, tofali nililokwisha kupasha kando yangu, miguu nimeinyoosha hadi mwimo wa pili.

"Pisha, Mama Nadine. Mzee ataganda."

"Sipishi."

Jirani yetu Ildefonsi alikuwa anapita na baiskeli, akasimama kabisa. "Heh! Mama Nadine, unamzuia mkweo mlangoni?"

"Nazuia jiko. Yeye apite."

"Nitamwambia mwanangu!" Mama Esteri akasema.

"Mwambie. Mwambie na mchungaji. Mimi mtoto wangu nilimbeba anatapika, jiko hilo haliingii humu nikiwa hai."

Nyuma yangu Nadine alikohoa kidogo, na nikaona macho ya bibi yake yanahama kutoka kwangu kwenda kwake. Akalibwaga jiko uani, akaketi kwenye kigoda.

"Haya. Hilo tofali lako lina joto gani?"

"Leta mkono."

Nikamwekea kiganjani. Akaanza kuhesabu kwa Kiha, amekunja uso. Alipofika kumi na mbili akalitupa chini.

"Oya! Linachoma. Unataka kumchoma Mzee wa watu?"

"Basi tusubiri lipoe, Mama."

Tukasubiri, jiko likiwa uani katikati yetu, na mimi bado nimekaa mlangoni.