Ukurasa wa Ndugu wa Mgonjwa

Tangu asubuhi mzigo wa prosesa ya seva, kompyuta kuu ya hospitali, ulikuwa umepanda juu kabisa na haushuki, na hakuna aliyejua kwa nini. Maabara, inayoitegemea seva hiyo, ilikwama kuwatafutia wagonjwa damu ya kuongezewa. Mmoja wao alikuwa dada yake fundi wa kompyuta, aliyelala wodi ya wazazi akisubiri kupasuliwa.

“Si uizime uiwashe?” mkuu wake wa kazi alimuuliza fundi. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu, hata feni.

“Nimeshafanya. Ikatulia kidogo, ikarudi palepale.”

Fundi alijikaza, akachungulia seva inahangaika na nini hasa. Kumbe ni swali moja tu, linarudiwa na kurudiwa: damu ya mgonjwa huyu imepatikana? Lilitoka kwenye ukurasa ambao ndugu huufungua kwa simu kufuatilia mgonjwa wao. Aliyeutengeneza hakuweka faharasa, ile orodha ya kuionyesha seva mahali pa kutafuta, kwa hiyo kila swali liliilazimisha seva kupekua kumbukumbu za wagonjwa wote tangu mwanzo. Mtu akichoka kungoja na kubonyeza tena, upekuzi mwingine unaanza juu ya ule wa kwanza.

Akatazama namba ya mgonjwa. Ilikuwa ya dada yake.

Alimpigia mume wa dada, aliyekuwa kwenye benchi nje ya wodi.

“Shemeji, huo ukurasa umempa nani?”

“Nimeuweka kwenye kundi la familia. Wote wanabonyeza, hata shangazi. Kuna ubaya?”

“Waambie wafunge. Tunaizuia maabara kumtafutia damu.”

“Sasa tutajuaje?”

“Hatutajua. Tutangoja.”

Mzigo wa prosesa ukaanza kushuka, kisha ukakwama kabla ya kufika chini. Mmoja alikuwa bado anauliza, tena kutoka humuhumu chumba cha seva. Fundi alimgeukia mkuu kwa hasira, ndipo akaona simu kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto, kidole gumba kikibonyeza bila yeye kujijua.

Aliifunga, akailaza kifudifudi mezani. Akaweka faharasa iliyokosekana, seva ikatulia. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kuogopa. Alipoinyooshea simu mkono tena, mkuu aliisogeza kando, akavuta kiti na kuketi naye.

Hatimaye ikaita.

“Damu imepatikana, wameshamwingiza chumba cha upasuaji,” alisema shemeji. “Shangazi anauliza kama sasa anaruhusiwa kubonyeza.”

“Mwambie abonyeze tu,” alisema fundi, na hapo ndipo alipolia.