Hapa Mtoto Haambiwi Shikamoo

Mtu akiingia kwangu, mtaa wa Mshangano, kabla sijampa kiti nampa masharti. Mwanangu Ida ana miaka miwili na nusu, amechelewa kusema, na ole wake atakayemshika mkono na kumwambia, "Sema shikamoo." Majirani wananiita Mama Sheria. Waniite tu. Mdomo ninao na nyumba ni yangu.

Si kwamba sipendi adabu. Huku kwetu mtoto hufundishwa shikamoo kabla hajajua kuvaa ndala, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini hebu fikiria siku moja ya Ida ilivyokuwa. Asubuhi muuza maziwa anamwinamia: sema shikamoo. Jirani anakuja kuomba moto: sema shikamoo. Katekista anapita na baiskeli, anashuka kabisa: sema shikamoo, Ida, sema! Wote wanampenda, wote wanamshika kiganja, na Ida kushikwa kiganja ni kama umempaka pilipili. Anakunja vidole, anaziba masikio, anakimbilia chini ya meza ya cherehani yangu barazani. Halafu wanasema mtoto ana kiburi.

Daktari alimpima masikio, akamwangalia koo na ulimi, akasema vyote vizima. Akatuelekeza kwa Dada Asma, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kusema. Dada Asma alikaa sakafuni na Ida muda mrefu bila kumuuliza chochote. Kisha akanieleza kwamba wako watoto ambao kelele ndogo kwao ni kubwa, na kuguswa kidogo kwao ni kazi. Nisimlazimishe. Nimwanzishie vitu vikavu, aviguse mwenyewe anapotaka. Nizungumzie kile anachokitazama yeye, kwa maneno machache, halafu ninyamaze nimsubiri.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo niliposhtuka. Mimi naongea hata pini zikiwa mdomoni. Nashona sare za wanafunzi huku nikibishana na redio. Mume wangu Edmund, fundi ujenzi na mtu mpole kupita kiasi, alicheka mpaka akafuta machozi. "Adela, wewe? Unyamaze?"

Nikanyamaza. Nilianza na mahindi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwamo ndani. Nikayamimina kwenye beseni, nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikakaa. Nachota, namwaga, nasema "mwaga," basi. Mwanzoni Ida alisimama mlangoni, hataki hata kulisogelea beseni. Kesho yake akasogea kidogo. Siku nyingine akaja mpaka karibu, akanyoosha mguu, si mkono, akauzamisha. Nikammwagia mahindi taratibu juu ya vidole. Alicheka mpaka akakaa chini! Nikalizuia kopo hewani, nikamtazama usoni, nikasema, "Tena?" Nikasubiri. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Ida akaligonga kopo kwa kidole, nami nikamwaga.

Dada Asma aliposikia habari hiyo alisema mtoto ameshaanza kuzungumza nami, sauti itafuata. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, barabara ya Mshangano ikawa nyembamba. Tukaendelea hivyo kila siku. Nauliza "Tena?", nasubiri, anagonga, namwaga. Sauti hakuna, lakini mikono ilizidi kuzoea, mpaka siku moja akamega ugali kwa vidole vyake mwenyewe. Nilitamani kumkimbilia muuza maziwa nimrudishe aje aone.

Shida ilikuwa baba mkwe. Mzee Fulgence ni mkulima wa Lusewa, na sijui kama kuna mtu amewahi kumbishia. Alipiga simu akasema kijijini kwao yuko fundi anayekata kiuzi cha chini ya ulimi kwa watoto wasiosema. "Mahindi yakishaingia ndani nakuja huko. Akinisalimia, vizuri. Asiponisalimia, naondoka naye."

Edmund akajibu, "Sawa, baba." Nilimkazia macho mpaka akatoka kwenda kutengeneza baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Tangu siku hiyo, kila nikichota kopo niliuona wembe.

Mavuno yalipoingia, mashine ya kupukuchua ilipita mtaani kwetu nikaikataa. Ngurumo ile ingemrudisha Ida chini ya meza, na kazi yote ya miezi ingeanza upya. Nikapukuchua kwa mikono barazani, hindi baada ya hindi, kwa baridi ya Julai, vidole vikachubuka. Majirani wakapita wakinicheka, nami nikawajibu ipasavyo. Mzee Fulgence alinikuta katika hali hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mashine imeharibika?"

"Nimeikataa, baba. Kelele zake zinamuumiza Ida."

Akalitazama rundo la mahindi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Kabla sijapata nafasi ya kutoa masharti yangu, alikwisha kumwinamia mtoto na kumnyooshea mkono. "Haya, mjukuu wangu. Shikamoo ya babu iko wapi?"

Ida akaziba masikio. Akaingia chini ya meza ya cherehani, akageukia ukuta.

"Nimeona," alisema Mzee Fulgence. "Kesho asubuhi napanda gari naye."

"Baba, Ida haendi."

"Mama Ida, nani kakuuliza?"

"Hakuna, baba. Nasema bila kuulizwa. Daktari ameuangalia ulimi wake, hauna kitu cha kukatwa. Mwanangu hakatwi."

Edmund alikuwa kazini. Mzee akasema maneno fulani ya Kingoni ambayo sitayaandika hapa. Nilidhani atachukua mfuko wake aondoke. Badala yake alivuta kiti akakaa, akanigeuzia bega. Lakini mkulima yule hawezi kukaa mbele ya mahindi mikono mitupu. Baada ya muda akaokota hindi, akaona ninavyopukuchua, akaguna kwa dharau, akaanza kunionyesha kazi. Punje zilimtoka mikononi kama mvua. Nyingine ziliruka zikaingia chini ya meza, zikamwangukia Ida miguuni.

Ida akageuka. Akatazama punje, akatazama ile mikono. Kisha akatoka na kopo lake, akaliweka karibu na kiatu cha babu yake, akakaa chini na kunyoosha miguu.

Mzee akanitazama.

"Ujaze kopo, baba, kisha mmwagie miguuni. Taratibu."

Nilijua anavyoamini kwamba chakula si cha kuchezea. Hata hivyo alijaza, akamwaga. Ida akacheka kile kicheko chake cha kukata pumzi, na Mzee Fulgence naye akacheka ghafla, meno yote nje, mpaka nikamwona Edmund usoni mwake. Akachota tena, akaliinua kopo juu.

"Unataka nyingine? Haya, kwanza sema shi..."

"Baba, nyamaza!"

Lilinitoka. Nilitamani ardhi inimeze. Sijapata kusikia mkwe mwanamke akimwambia baba mkwe wake neno hilo akabaki na heshima yake. Mzee alibaki mdomo wazi, kopo hewani. Lakini alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ida alikuwa mbele ya mgeni wa nyumba yetu asiyemdai neno lolote.

Akalitazama kopo. Akamtazama babu. Nikauona ulimi wake, ule ule uliotakiwa kukatwa, ukipanda na kugusa meno.

"Tena," akasema.

Neno nililolisubiri miezi yote ile akampa mwingine! Sitaficha, wivu ulinichoma kidogo. Kisha furaha ikaja ikanijaa kifua kizima, nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona, si siku ya kipaimara changu, si siku ya harusi yangu. Nililia machozi yakadondokea mahindi. Mtoto wangu amesema. Amesema mwenyewe, kwa wakati wake, na ulimi wake mzima.

Mzee Fulgence alivua kofia, akakaa sawasawa kitini kama mtu aliyesalimiwa kanisani mbele ya watu wote.

"Marahaba," akaitikia. Akamwaga.

Edmund aliporudi kutoka kazini alimkuta baba yake amekaa sakafuni, suruali imejaa vumbi la mahindi, Ida anamgonga goti kwa kopo. Akanitazama kwa woga, akamtazama mzee.

"Shikamoo, baba. Je, mtoto... amekusalimia?"

"Amenisalimia," alisema Mzee Fulgence bila kuinua macho kutoka kwenye kopo. "Sasa usije ukaanza kumwambia sema, sema. Kaa hapo, ufunge mdomo, umsubiri."