Taa Upande wa Kushoto

Wenzake chuoni walimwita Orodha, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Msichana huyu hakuweza hata kwenda kuoga bila kuandika kwanza: sabuni, taulo, maji. Sasa alikuwa na orodha nzito kuliko zote, ya filamu ya dakika tano ya kumalizia masomo, habari za fundi cherehani anayemshonea binti yake gauni na asilimalize. Chumba alikuwa nacho. Kilikuwa chumba cha kazi cha marehemu baba yake, naye fundi cherehani, mlango wa pili kutoka jikoni, na kilikuwa kimefungwa miaka miwili, haingii mtu ila mama yake kufagia.

Mama yake alitoa ufunguo kwa shingo upande. "Ukitoka humo kila kitu kiwe palepale ulipokikuta. Kikihama hata kimoja nafunga, na filamu yako uitafutie nyumba nyingine."

Upigaji wa filamu ulikuwa Ijumaa, na nyumba nyingine hakuna. Basi kabla ya kugusa chochote Orodha alipiga picha kila pembe na kuandika: futi kamba msumarini, sahani ya vifungo, kitambaa cheupe chenye mstari wa chaki, mkasi mkubwa kulia kwa cherehani. Kisha akaandika shoti zake. Ya kwanza kutoka mlangoni, chumba kizima. Ya pili, mikono juu ya kitambaa, wa kulia umeshika mkasi. Ya tatu, uso.

Kazi ya taa ilikuwa ya mwenzake mmoja mwembamba waliyembatiza Mshumaa. Nje jua la saa nane mchana lilikuwa linachoma, lakini yeye aliziba dirisha kwa shuka jeusi, gubigubi, akasimamisha taa moja kushoto kwa cherehani. "Mwanga utoke kushoto," alisema kwa maringo ya mtu aliyefaulu mtihani, "fundi asijitie kivuli kwenye kazi." Halafu akakaa kwenye kiti cha fundi, mahali pa mwigizaji, ili wapime mwanga.

Orodha akapiga picha ya majaribio ya shoti ya pili, akaitazama.

"Mkasi umeusogeza wewe?"

"Sijaugusa."

"Uko kushoto."

"Basi umetembea," Mshumaa akacheka.

Orodha hakucheka. Aliurudisha kulia kwa kufuata picha ya mwanzo, akapiga tena. Kwenye picha mkasi ulikuwa kushoto. Akainua macho mezani, na mezani pia ulikuwa kushoto.

"Acha utani, Mshumaa. Nitafungiwa chumba!"

"Utani gani? Hebu na wewe toa mkono wako kwenye taa, kuna kivuli kwenye kitambaa."

"Mimi niko huku nyuma ya kamera."

Mshumaa akainua mikono yake yote miwili juu. Kivuli hakikuondoka. Kilikuwa na vidole vinne na gumba, na kilikuwa kinatambaa polepole kufuata ule mstari wa chaki. Orodha alisisimkwa mwili mzima. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama kizingitini, macho yake moja kwa moja kwenye mkasi.

"Mama, naapa, tuliuacha kulia! Picha hizi hapa."

Mama akachukua kamera, akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaketi juu ya sanduku la vitambaa na kuangua kilio.

"Hata nyinyi? Nilidhani nimerukwa na akili. Kila Jumamosi nikifagia humu nauweka kulia, makusudi. Jumamosi nyingine naukuta kushoto. Nimwambie nani mimi? Watasema mjane kachanganyikiwa."

"Lakini kwa nini kushoto?"

Mama akamkazia macho. "Mwanangu, baba yako alikuwa mashoto. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Hilo lilimtisha kuliko kivuli. Alikuwa ameandika mpaka rangi za vifungo vya mtu huyu, na mkono uliompima mabega tangu utotoni akauandika wa kulia. Aliona aibu, machozi yakamlenga.

Mama akainuka, akajifuta uso kwa kiganja. "Na hiyo taa mnamsumbua nayo. Inamtia kivuli." Akaibeba mwenyewe, akaipeleka upande wa kulia. Kivuli kikatoka kwenye kitambaa, mstari wa chaki ukaonekana wote.

"Huyo mwigizaji wenu wa Ijumaa," mama akauliza bila kugeuka, "anatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Mwambieni asije."

Mshumaa, ambaye muda wote huo alikuwa bado amekalia kile kiti, akanyanyuka taratibu, kama mtu anayempisha mzee.