Sindano ya Punda

Nilipanda punda kabla sijajua kufunga kanga, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Baba yangu alikuja Kasulu na punda sita kutoka Tabora, akawa anapeleka chumvi na sabuni vijijini, na mimi ndiye niliyewajua wale punda mmoja mmoja kuliko wanawe wa kiume. Mashindano ya kwanza ya mbio za punda yalipofanyika, punda alikuwa wangu, aliyemfundisha ni mimi, lakini aliyepandishwa ni kaka yangu Badru. Akashinda. Mimi nikapewa kazi ya kupika pilau ya kumpongeza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na pilau ile ilinikwama kooni miaka yote.

Kwa hiyo mwaka 2013, waandaaji wa mbio za Nane Nane kule Kibondo walipotangaza kwamba safari hii wasichana nao wanaruhusiwa, nilipagawa. Nilikusanya wasichana wanne hapa Kagerankanda. Watatu walikuwa mizigo tu, Mungu anisamehe. Wa nne alikuwa Winnie, miaka kumi na minne, binti wa jirani yangu Esteri, mjane anayelima mihogo, ambaye wazazi wake waliingia nchini kutoka Burundi zamani. Esteri hakuwa na mtoto mwingine.

Punda hapandwi kama baiskeli. Unakaa nyuma kabisa, juu ya matako yake, unabana magoti, na fimbo unaiacha nyumbani. Wale watatu niliwaimbia hayo mpaka sauti ikanikauka. Winnie alielewa siku ya kwanza. Nikampa Kanali, punda wangu bora, nikamshonea na shati la bluu. Kila asubuhi tulifanyia mazoezi msituni, kwenye njia ya wapasua mbao, ili washindani wetu wa mjini wasituone. Msitu ule una mbung'o, na mbung'o wanapenda rangi ya bluu. Hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu. Hilo nililijua vizuri, lakini shati lilimpendeza mtoto.

Mwanzoni mwa Julai Kanali akaanza kuinamisha kichwa. Macho yalitoa machozi, manyoya yakasimama. Sikuhitaji bwana mifugo aje kuniambia kwamba ni ndorobo, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o. Nilimdunga sindano jioni ile ile, na baada ya siku kumi alikuwa anakula vizuri.

Wiki ile ile niliyomdunga, Winnie alikuja na uvimbe shingoni, kama jipu lisilotaka kuiva. Ikafuata homa. Esteri alimpa dawa za malaria, homa ikashuka, ikarudi. Nikamshika mtoto kidevu, nikamtazama macho. Nimetazama macho ya punda miaka arobaini. Sitasema nilishuku, nilijua. Ni mbung'o wale wale, isipokuwa kwa binadamu ugonjwa unaitwa malale, na usipotibiwa unaua.

Lakini hospitali wangemlaza, na mbio zilikuwa zimebakiza wiki nne. Nikajitia hamnazo. Nilipanga kumwambia mama yake tarehe tisa Agosti, mbio zikishapita.

Katikati ya hapo Esteri alinijia nyumbani. Alisema mtoto usiku anazunguka chumbani, mchana anasinzia mkono ukiwa kwenye sahani. Akauliza kama mazoezi yanamchosha. Nikamjibu kwamba ni umri tu, wasichana wakianza kukua ndivyo walivyo. Alinishukuru, na kesho yake akaniletea karanga.

Winnie alishinda. Aliwaacha nyuma wavulana kumi na mmoja, nami nikalia mbele za watu bila haya. Niliposogea kumshusha nikakuta amelala pale pale juu ya punda, kidevu kifuani, huku watu wakipiga makofi. Walidhani ni uchovu, wakacheka. Nilimshika mguu, ulikuwa wa moto. Furaha yangu yote iliishia hapo.

Hospitali walimtoa maji ya uti wa mgongo, na tabibu akatuambia wadudu wameshaingia kwenye ubongo. Akauliza ugonjwa ulianza lini. Esteri akasema labda wiki mbili. Ningeweza kunyamaza, lakini tabibu alikuwa anaandika, nikaogopa.

"Wiki tano," nikasema. "Ulianza pamoja na wa punda."

Esteri akanigeukia. "Punda naye aliugua?"

"Aliugua. Nilimdunga sindano."

"Akapona?"

"Akapona."

Esteri alirudi kukaa ukingoni mwa kitanda, akaendelea kumpepea mwanawe kwa upindo wa kitenge.

Winnie alifariki siku ya kumi na moja, kabla ya kumaliza dawa. Baada ya matanga nilimpeleka Kanali kwa Esteri, nikamfunga kwenye nguzo ya jiko. Sikuwa na kitu kingine cha kutoa. Nilitegemea anitukane, anifukuze, na kusema kweli ningeshukuru. Alimpokea punda, akamwekea maji.

Sasa ni 2015. Wale wasichana watatu walinifuata niwafundishe tena, nikawafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Kanali anabeba mihogo ya Esteri na amenenepa. Kila Jumapili, akitoka kanisani, Esteri anapita kwake kumfungua, anamleta mpaka uani kwangu. Ananisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Bi Zuleha," kwa sauti ya jirani mwema, kisha anashika kamba na kusubiri. Nami nainuka. Nafunua kope ya kwanza, nafunua ya pili, natazama.

"Mwangalie vizuri," ananiambia. "Ukiona kitu, safari hii uniambie."