Devoni Uwanjani Mnero

Mama Goreti alijua habari za Devoni kuliko alivyojua za mumewe. Eusebio, karani wa baraza, alipelekwa Uingereza mwaka hamsini na tano akajifunze wenzetu wanavyoendesha mikoa yao, na kila barua aliyomletea ilikuwa Devoni tupu, mkoa aliopangiwa: bahari kaskazini, bahari kusini, katikati nyika ya mawe isiyo na mti. Mama Goreti alikariri mpaka mito yake. Afanyeje, maskini? Hamu ya mumewe ilimkaba, na hapakuwa na kingine cha kushika.

Basi akarudi. Ijumaa alishuka kwenye treni Nachingwea, na Jumapili baada ya misa uwanja wa nyumba yake kijijini Mnero ukajaa watu. Karani akachuchumaa, anachora Devoni mchangani kwa kijiti. Hapa Exeter, linapokaa baraza kuu la mkoa. Chini yake mabaraza ya wilaya, na kila kijiji nacho na baraza lake.

"Mama muuza mayai anasimama barazani, anamwuliza mkubwa: mbona barabara yetu mashimo matupu? Na mkubwa anamjibu! Tena kwa adabu!"

"Uongo huo," akasema jirani yao, mzee Anselmo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Walipotawanyika, Eusebio alibaki palepale akiutazama mchoro wake. Mama Goreti, aliyekuwa akipepeta ufuta mlangoni, akamwona macho yamemlowa. Uso ule aliujua, jamani! Ndio aliokuwa nao yeye mwaka mzima, akitazama njia ya Nachingwea. Kumbe mwili umerudi, roho kaiacha kwa watu. Ikamwuma.

"Unapakumbuka," akasema.

"Sana, Mama Goreti. Kule ukiuliza unajibiwa. Hapa nimwulize nani? Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya?"

Ungo ukabwagwa chini. "Niulize mimi! Tangu Ijumaa ni barabara za Wazungu, mashimo ya Wazungu, mayai ya Wazungu. Mimi umeniuliza nini, Baba Goreti? Hata nimeishije mwaka mzima hujaniuliza!"

Eusebio akainuka. Akaikanyaga Devoni yote, bahari kwa bahari, akaja kukaa chini kando yake.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Umeishije, mke wangu?"

Mama Goreti alikuwa ameweka maneno ya mwaka mzima. Yakatoka mawili tu.

"Peke yangu," akasema, akaangua kilio.