Usiku Mmoja Zaidi

Pauline aliinua mifuko ya unga miwili miwili, akaipanga ndani ya karai, akahesabu kwa kidole, kisha akaacha mmoja juu ya mkeka wangu.

"Umesahau huo," nikamwambia.

"Sijasahau, Mama Danson. Mama amesema nibebe kumi na mmoja."

Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Mifuko nilikuwa nimeishona mwenyewe, kila mtu na wake, ili njiani asije mtu akasema mwenzake ana mkono mrefu kwenye sufuria. Ndani mlikuwa na unga wa wimbi, mtama na viazi vitamu nilivyovikausha juu ya mabati siku za jua kali, nikivigeuza kama mtu anayegeuza mtoto mgonjwa. Mifuko yote ilikuwa sawa. Lakini nilijua uliobaki ni wa nani, kwa sababu Pauline aliacha kunitazama.

"Nilidhani unajua," akasema, akiinamia karai.

Nilimwambia abebe aende. Hakuwa na kosa. Nilimwangalia akishuka njia ya kuelekea barabarani, anatembea vizuri, mguu wa kulia ukivuta kidogo tu, kiasi cha mtu aliyechomwa na mwiba jana. Na mguu huo ndio uliokuwa chanzo cha safari yetu nzima.

Pikipiki iliuponda mguu huo pale Voi, siku ya soko. Madaktari walikuwa wakizungumza maneno ya kuukata. Mama yake, Wakesho, aliketi sakafuni nje ya wodi, mgongo ukutani, hata kitambaa cha kichwa hajui kiko wapi. Nami niliketi kando yake. Sisi wawili tumekuja Mraru tukiwa maharusi wa mwaka mmoja, tumezaa pamoja, tumezika waume zetu msimu mmoja wa kiangazi. Sikuwa na la kumpa. Nilichukua mkono wake nikasema kwa sauti, Mungu asikie na yeye asikie: "Mguu wa mtoto huyu ukibaki, miguu yetu sisi wawili itatembea mpaka Rabai, kwenye kanisa la kale."

Wakesho akasema, "Amina. Mimi na wewe."

Mguu ukabaki.

Nadhiri ya watu wawili, ikisikika kanisani, haibaki ya watu wawili. Mmoja alisema na yeye ana jambo lake la kushukuru, mwingine akasema ana la kuomba, tukafika kumi na wawili. Wakesho akawa mwenyekiti. Katunge, mwalimu mstaafu, akashika kalamu. Mimi nikapewa chakula na maji, maana nilipoishia darasa la tatu sikufundishwa mengi, ila kulisha watu wengi kwa kidogo nimefundishwa na maisha.

Jumamosi baada ya Jumamosi tuliketi nyuma ya kanisa tukipanga bajeti. Nani alijua kutembea kwa miguu kuna gharama kubwa hivyo! Viatu vya raba. Plasta za malengelenge. Pikapu ya Sylus ya kubeba magodoro na mitungi, inayolipwa kwa siku, itembee isitembee. Mahali pa kulala Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani. Maji ndiyo niliyoyapigania zaidi. Ukanda ule wa Taru naujua, maji ni ya kununua, na anayeuza anakutazama midomo kabla ya kutaja bei.

"Mama Danson," Katunge alinitania, "mbona unapanga maji kama unaenda na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana adabu," nikamjibu. "Wakinywa hawaoshi miguu."

Walicheka mpaka mke wa mchungaji akachungulia dirishani. Jioni ile bajeti ilipungukiwa na pesa za maji, nami nikauza mbuzi wangu, jike aliyekuwa na mimba. Sikumwambia mtu kwamba ana mimba, ila mnunuzi.

Kwa hiyo siku ile Pauline alipoondoka na karai lake, nilijifunga leso, nikaenda kwa Wakesho. Nilimkuta uani akipukuchua mbaazi. Hakushtuka. Mtu anayekungojea hashtuki.

"Mama Pauline, mfuko mmoja umebaki kwangu."

"Keti kwanza, Mama Danson."

"Nitaketi nikijua nimeketi kwa nani."

Aliendelea kupukuchua. Mbaazi moja ikaruka, kuku akaiwahi.

"Unakumbuka tulivyofanya mazoezi mpaka Voi?" akasema. "Uliingia wenzako wameshakunywa chai na kuosha vikombe. Kwa mwendo wako ni usiku mmoja zaidi njiani. Na usiku mmoja si usiku tu. Ni pikapu, ni maji, ni malazi, ni chakula cha watu wote. Tulipiga hesabu kila upande. Pesa hazikufika."

"Ningepanda pikapu pale nitakapochoka."

"Na nadhiri ni ya kupanda pikapu?"

Hapo alinipata, na alijua amenipata. Halafu nikauliza, "Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi wako tulimweka kwenye maji."

"Kwa hiyo mbuzi anakwenda Rabai, mimi nabaki."

Midomo yake ilitaka kucheka, tabia ya miaka mingi, tumezoea kuchekeshana. Akaizuia.

"Mliamua lini?"

"Mwezi uliopita."

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi, nimeshikilia paa kwa mkono mmoja, nikigeuza viazi. Yeye mwenyewe alipita, akanisalimu, akasema nisianguke. "Mbona hukuniambia?"

Wakesho aliweka ungo chini. Kwa hili nampa haki yake: hakunidanganya wakati huo. "Nani mwingine angetengeneza unga ule?" akasema.

Nimeishi miaka mingi na nimeambiwa maneno mabaya na watu waliokusudia kuniumiza. Hilo halikukusudiwa kuniumiza. Lilisemwa kama mtu anavyosema bei ya sukari.

"Mungu anajua magoti yako," akaongeza taratibu. "Hatakudai."

"Anayajua. Lakini hakukutuma wewe uje usamehe deni langu."

Nilikuwa nimefika langoni aliponiita. "Mama Danson. Kesho asubuhi utatutasia lakini. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Kwetu Wadawida mtu haendi safari ndefu bila kutasiwa. Mkubwa anachukua maji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anayapuliza mbele ya wanaokwenda na kuwaombea njia. Mchungaji anajua, huwa anachagua dakika hiyo kutafuta miwani yake. Lakini kutasa si maji. Mkubwa mwenye hasira hutangulia kuitamka mbele ya watu wote, aitaje jina, itoke. Ndipo maji nayo hutoka safi na kubeba baraka. Hasira ikibaki ndani, wazee walisema, inawafuata wasafiri.

Nilikubali. Pauline alikuwa mmoja wao. Na nilifikiri: angalau nitaruhusiwa kusema.

Asubuhi walikuwa wamepangana kando ya barabara, raba mpya, vitambaa vyeupe, wanaimba. Sylus alikuwa amewasha injini. Jua lilikuwa linaanza kugusa mlima wa Sagalla na vumbi lilikuwa bado limelala. Wakesho alisimama mbele kabisa, kwa kuwa aliye mbele ndiye anayelowa kwa niaba ya wote, akanipa kata ya maji kwa mikono miwili.

"Kabla sijatasa," nikaanza, "nitoe lililo moyoni."

Alinisogelea, akanishika kiwiko. Sauti yake ilikuwa ya chini, mimi tu nilisikia. "Leo usiseme hayo, dada yangu. Ona walivyo na furaha. Sema baraka tu."

Dada yangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu ile sakafu ya hospitali.

Nikamtazama. Nikawatazama wale wengine, Katunge na kofia yake ya jua, Pauline aliyefunga macho tayari na kuinamisha kichwa kama mtoto wa kipaimara. Wote wakafumba macho. Nikachukua funda la maji, nikalishika mdomoni.

Nilijaribu. Sisemi uongo. Nilimfikiria Pauline, na lori za barabara ile, na ndovu wanaovuka kabla ya Maungu. Nilitafuta baraka kwa uaminifu, kama unavyotafuta sarafu iliyoangukia kwenye majani. Maji yakapata joto la mdomo wangu. Ningeyapuliza na lile neno lisilotamkwa ndani yake, ningewatupia watoto wa watu kitu nisichokijua.

Nikayameza.

Walikuwa kimya kiasi kwamba koo langu lilisikika, ila aliyejua ni sauti ya nini ni mmoja tu. Wakesho hakuwa amefumba macho. Tulitazamana. Angeweza kuniambia, haya, sema basi. Angeweza kumwambia Sylus azime gari. Nilimngojea, mimi kungoja nakujua.

Akageuza macho kwenye pikapu iliyokuwa ikiunguruma, siku ya kwanza ya malipo imeshaanza. Kisha akainua kiganja, akajipangusa uso kuanzia paji mpaka kidevuni, polepole, kama mtu aliyelowa. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Amina," akasema kwa nguvu. "Tumetasiwa. Twendeni."

"Amina!" wakaitikia, wakafungua macho, wakaja kunikumbatia mmoja mmoja wakinukia sabuni. Huu ni mwaka wa pili. Walifika salama na wakarudi salama, na mpaka leo wapo wanaoniambia baraka zangu ndizo zilizowavusha Taru. Wakesho husikia maneno hayo, na hutazama kando.

Asubuhi ile Pauline alikuwa wa mwisho kuja kunikumbatia. Alinishika mikono yote miwili.

"Asante, Mama Danson," akasema. "Sasa siogopi."

Nikaona kamba ya kiatu chake cha kulia imelegea. Nikapiga magoti palepale kwenye changarawe, ingawa kuinuka kungenisumbua, nikaifunga, nikaikaza vizuri, mafundo mawili.