Sekunde Moja Kilimani

Wateja walitubatiza majina. Kaka yangu alikuwa Taratibu, mimi Kiberiti. Gereji ilikuwa yetu sote wawili, lakini mtu akiingia na gari linalokohoa, hata kama mimi ndiye niliyesimama mlangoni, swali lilikuwa lilelile: "Taratibu yupo?" Nimelisikia miaka kumi na moja. Msinihukumu kabla hamjalisikia hata wiki moja.

Asubuhi hiyo dereva teksi, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja na video kwenye simu. Kuna mipira miwili myembamba inayopitisha maji ya moto ya injini kwenye throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Mtu wa kwenye video aliyachepusha maji hayo yasipite tena pale, akaapa kwamba gari lake limepata nguvu.

"Kweli kabisa," nikasema. "Hewa ya baridi ina nguvu kuliko ya moto. Kata hayo maji uone gari litakavyoruka."

Kaka hakuinua hata kichwa. "Hewa inapita pale kufumba na kufumbua. Itapata joto saa ngapi? Hayo maji yamewekwa ili siku ya baridi kali kile kibati cha mlango wa hewa kisigande kwa barafu. Aliyeyaweka hakuwa mjinga."

"Kwa hiyo mjinga ni mimi?"

"Mimi nimesema hivyo?"

Hakusema. Ila dereva teksi alicheka, na kicheko kile kikanichoma. Nikasema basi tupime. Tukachukua gari la kaka mwenyewe, tukaenda kwenye kilima nyuma ya gereji. Kaka aliendesha, mimi nilipunga kitambaa chini, dereva teksi alisimama juu na saa ya simu. Sekunde thelathini na moja.

"Haya, kata maji yako," kaka akaniambia, akaenda kunywa chai na dereva teksi na fundi rangi wa jirani.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilipomaliza nilijua moyoni kwamba haitabadilisha kitu, maana fundi ni fundi hata akiwa na kiburi. Ndipo nikafungua buti nilipunguzie gari uzito. Nikatoa tairi la akiba, jeki na sanduku zito la spana, nikavificha nyuma ya mapipa ya oili chafu na kuvifunika turubai. Niliwaza nitavirudisha tukishamaliza, kaka akienda kunawa.

Sekunde thelathini.

Kaka alishuka, akaitazama ile simu, akanipa mkono mbele ya watu. "Umenifundisha, mdogo wangu." Hakukuwa na kejeli hata chembe. Heri angenitukana.

Tulikuwa bado tunataniana pale simu ya dada ilipoingia. Mama, aliyekuwa anaumwa tangu mwezi uliopita, alikuwa amebadilika toka alfajiri. Alikuwa anamwita mkubwa. "Aje sasa hivi," dada akasema, "asingoje kesho." Ni mwendo wa saa mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimeifungua gia boksi ya mtu, tukakubaliana nifuate jioni. Kaka akavua ovaroli, akaingia kwenye gari lake.

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Maneno yenyewe yalikuwa machache: kaka, ngoja, spea yako iko nyuma ya mapipa. Lakini dereva teksi alikuwa bado yupo, anamsimulia fundi rangi habari ya ile sekunde. Nikajiambia matairi ni mapya, barabara ni nzuri. Nikampungia mkono.

Saa saba kasoro akanipigia. "Nimepata pancha. Buti halina kitu, hata jeki. Hivi spea niliitoa lini?"

"Sijui, kaka." Na kwa kuwa uongo hautaki kukaa peke yake, nikaongeza, "Labda ulimwazima mtu."

"Labda," akasema.

Kwa pikipiki ningemfikishia tairi kabla ya saa tisa. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi: angemkuta. Lakini ningefika nalo niseme nimelitoa wapi? Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mchana uleule, na mimi nikamfungia mlango.

Magari machache yaliyopita hayakusimama. Kaka alikaa pale saa tatu nzima mpaka dereva wa lori akamsaidia. Mama alikata roho saa kumi. Kaka alifika saa kumi na nusu. Dada alisema kila mlango ulipolia mama aliuliza, "Mkubwa huyo?"

Msibani nilimsikia kaka akiwaambia watu, "Fundi mzima, nimesafiri bila spea." Alizunguka kwa marafiki zake wote akiuliza ni nani aliyeazima spea yake. Jeki na sanduku nilivirudisha kwenye rafu za gereji kimyakimya, lakini tairi sikuthubutu kuligusa. Tuliporudi kazini alikuwa mtu mwingine. Akikaza nati, anarudi kuikaza tena, kisha ananiita. "Hebu nikagulie, mdogo wangu. Akili yangu haiaminiki siku hizi." Wateja nao wana macho. Wakaanza kuuliza, "Kiberiti yupo?" Nililokuwa nalitaka nikalipata.

Mwezi wa nne baada ya msiba, jirani mwenye pikapu akaja kuuliza habari ya kuchepusha maji ya throto. Mimi nilikuwa chini ya gari. Nikamsikia kaka akimjibu, "Inasaidia. Sekunde moja. Mimi nilibisha, mdogo wangu akanionyesha."

Hapo nilishindwa. Nikatoka, nikaenda nyuma, nikavuta turubai, nikalibingirisha lile tairi mpaka miguuni pake. Kwenye rimu lilikuwa na alama ya rangi nyeupe aliyoipaka mwenyewe.

"Hakuna sekunde, kaka," nikasema. "Tairi nililitoa mimi."

Nilijiandaa kwa kofi. Nililitaka kofi hilo. Yeye aliinama, akaipapasa ile rangi nyeupe kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo sikusahau," akasema. Kisha tena, kwa sauti ya chini, "Sikusahau mimi."

Jirani akaaga na kuondoka. Kaka alilipakia tairi kwenye buti, akakaza skrubu yake mara moja tu. Halafu akafungua boneti na kuirudisha ile mipira ya maji mahali pake.

Ni mwaka sasa. Salamu tunapeana, spana tunapeana, na habari ya siku ile hajaniuliza. Akimaliza kazi yake haniiti tena nikamkagulie. Ya kwangu ndiyo anayoikagua, kila gari, na huanzia kwenye buti.